Mdogo wangu Wete: mwaka wa pili tangu ajifungue, uchovu hauishi. Vipimo vinasema yuko sawa

#1 Dada_wa_Wete

Assalaam alaykum. Siku zote husoma humu kimya kimya, leo imenibidi niandike.

Mdogo wangu yuko Wete, Pemba, mie niko Unguja. Ana miaka 29, watoto watatu. Wa mwisho kamzaa mwaka juzi, Mfungo Sita, siku za maulidi. Tangu hapo si yule tunayemjua. Huku si kuchoka kwa mama mwenye kichanga, maana mtoto mwenyewe sasa anakimbia uwanjani na mama bado yuko chini. Anaamka kachoka. Akifagia uwanja anakaa kitako mara mbili. Mwezi uliopita wifi yake kamkuta kalala juu ya mbuzi, nazi iko mkononi, nusu haijakunwa.

Halafu baridi. Kaskazi hii, watu wanalala barazani, yeye anajifunika shuka na kanga juu yake. Asubuhi uso umemvimba. Ngozi imekauka, ukimpitishia ukucha unaacha mstari mweupe. Sauti imekuwa nzito, mara ya kwanza kwenye simu nilidhani ni mumewe.

Tumempeleka hospitali moja, sitaitaja, mara tatu. Damu 10.8, wakasema ni kidogo lakini si ya kutisha, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Sukari sawa. Malaria hakuna. Mara ya tatu wakapima tezi, TSH, kipimo cha tezi ya shingo, ikatoka 2.1, wakasema tezi nzima, mpeni matunda na apumzike. Mkwewe anasema mvivu. Majirani wanasema ana mtu. Kisomo keshasomewa mara mbili.

Nasikia homoni zikivurugika mtu huchoka hivi. Ni kweli? Na kama ni kweli, nikifika maabara niseme nataka kipimo gani?

#2 KarafuuMbichi

Waalaykum salaam. Shoga, hiyo ni tezi ya shingo, usitafute mbali. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo: baridi, uso, usingizi mchana kutwa, nyusi zimenyonyoka upande wa nje. TSH yake ilikuwa 48. Alipoanzishwa levothairoksini, dawa ya tezi hiyo, miezi miwili tu akarudi kuwa mtu. Vipimo vya huku saa nyengine hukosea. N'nazo chupa mbili za mama, dozi kabadilishiwa hazitumii tena. Kesho kuna mtu anapanda boti kwenda Pemba. Nimpe?

#3 Mwani_Asilia

Dada usihangaike na vidonge. Unga wa mwani wetu unasawazisha homoni ZOTE, una madini 92. Kijiko asubuhi, kijiko usiku. Kopo 25,000, Pemba tunatuma.

#4 MvuviWaKojani

Madini 92? Hata bahari yenyewe inayo hayo?

#5 ChumviPemba

Nicheke na Mvuvi kisha niseme jambo moja, maana hapa pana mlango wangu. Mie n'na mashamba ya chumvi, kayaanza marehemu baba. Wageni hushangaa: kisiwa kimezungukwa na bahari, samaki kila siku, vipi watu waote rovu? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Utafiti uliochapishwa 2006 uliikuta Pemba ina uhaba wa madini joto zaidi kuliko Unguja, na chumvi yenye madini hayo ilikuwamo katika nyumba chache mno za huku. Chumvi ya kuanika juani haibaki na madini joto ya kutosha, lazima inyunyiziwe baadaye. Na sie ni watu wa muhogo. Muhogo usiotengenezwa vizuri unaisumbua tezi, inashindwa kuyadaka hata hayo machache yaliyopo.

Kwa hiyo muulize huyo mdogo wako anakula chumvi gani. Kama ni ya paketi, asiiache wazi juu ya kinu karibu na moto. Aitie kwenye chombo chenye mfuniko, na kwenye mchuzi aitie mwisho mwisho.

#6 Maabara_Usiku

ChumviPemba kasema kweli, lakini uhaba huo dawa yake ni chumvi yenye kipimo. Unga wa mwani haumo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Mwani wa kwenye kopo hauna anayejua una kiasi gani: kopo hili lina kidogo, lile lina mara kumi yake. Madini joto yakizidi kwa ghafla tezi inaweza kuzimika, au kinyume chake ikachachamaa, moyo ukawa unakwenda mbio. Nawaheshimu akinamama wanaolima mwani, sabuni yao naioga. Lakini si dawa ya mtu asiyejulikana anaumwa nini.

Na kwa faida ya wote: mnaokunywa vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, viacheni siku mbili tatu kabla ya kupima tezi. Vinaidanganya mashine.

#7 Mwani_Asilia

Wateja wangu wote wamepona ndugu.

#8 NesiMstaafu

KarafuuMbichi mwanangu, chupa hizo usizipeleke. Nakuomba kama mama yako. Nitasema kwa nini, lakini kwanza namtaka Dada_wa_Wete.

Mimi nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 31, zaidi ya nusu yake zamu za usiku. Nimekusoma mara mbili. Umeeleza kila kitu isipokuwa ile siku yenyewe. Sasa mpigie mdogo wako, awe peke yake, asiwepo mkwe wala mume pembeni, umuulize mambo manne:

Siku aliyojifungua damu ilimtoka kiasi gani?
Maziwa yalitoka?
Tangu hapo ameingia mwezini?
Nywele za kwapa na za chini zikinyolewa zinaota tena?

La mwisho usione haya. Mwambie kauliza nesi mzee.

#9 KarafuuMbichi

Sawa bibi, sizipeleki. Lakini umenitia hofu.

#10 Asiyeamini

Samahani, lakini siku hizi kila uchovu ni homoni. Watoto watatu, maji ya kuchota, kuni, mume yuko dago kuvua. Nani asingechoka?

#11 Maabara_Usiku

Asiyeamini, nusu nakubaliana nawe. Wanaokuja kwenye dirisha langu wakisema "nipime homoni" wengi wao homoni hazina kosa. Ni damu kidogo, ni minyoo, ni kichocho, ni sukari, ni mimba ambayo hawajaijua, ni kulala muda wa saa nne tu kwa usiku, ni sonona ambayo kwetu hatuiiti ugonjwa. Na hakuna kipimo kinachoitwa "homoni zote". Kila homoni ina chupa yake, bei yake na saa yake ya kuchukuliwa. Kotisoli inachukuliwa asubuhi, ukija saa nane mchana majibu yake hayana maana. Kwa hiyo dalili ndizo zinazochagua kipimo.

Lakini huyu ana baridi wakati wa kaskazi. Kuni na maji havimtii mtu baridi.

#12 BibiWaNgambo

Niingie japo si uzi wangu. Mie n'na miaka 49, nimekuwa hivi mwaka wa pili: usiku jasho linanitoka mpaka mto unalowa, saa nane niko macho, mchana naburura miguu, na hasira zisizo na mwenyewe. Hedhi inakuja ikipenda. Mwanangu akanipeleka kupima, tezi nzuri, sukari nzuri. Daktari akaniambia bibi, hii ni estrojeni, homoni ya kike, inayumba kabla ya kukatika. Kwani kwa sie wanawake wa zamani nani alituambia? Tuliambiwa ya kuvunja ungo, ya ndoa na ya uzazi. Ya kukoma hedhi kila mtu kaachiwa aigundue peke yake gizani.

Kahawa ya jioni nimeiacha. Imesaidia kiasi.

#13 NesiMstaafu

Bibi, somo wa kukoma hedhi kweli hatukuwa naye. Jasho likizidi mrudie daktari, dawa zipo, na si lazima uvumilie. Ila ukitokwa damu baada ya kukaa mwaka mzima bila hedhi, siku hiyo hiyo nenda.

#14 MvuviWaKojani

Na wanaume jee? Mie n'na 44, tumbo limekuja mbele, nalala nakoroma mpaka mke kahamia chumba cha watoto, mchana nasinzia ndani ya ngarawa. Rafiki kaniambia nichome sindano ya homoni za kiume.

#15 Maabara_Usiku

Usichome kabla hujapimwa, na ukipimwa iwe asubuhi, mara mbili, siku mbalimbali. Lakini kwa ulivyojieleza anza na sukari na huko kukoroma. Mtu anayekabwa na pumzi usiku hapati usingizi wa kweli, hata akilala muda wa saa kumi. Na kusinzia ndani ya ngarawa hakungojei kikao cha pili, kamuone daktari wiki hii.

#16 Dada_wa_Wete

NesiMstaafu, nimempigia. Mikono yangu inatetemeka naandika.

Alijifungulia nyumbani, mtoto alitangulia gari. Kondo likachelewa. Damu, anasema, kanga nne zilijaa na godoro likalowa mpaka chini. Akazimia. Alipofikishwa hospitali aliongezwa chupa mbili. Haya mie nilijua "alitokwa na damu kidogo", ndivyo nilivyoambiwa na mama, ili nisikimbilie boti na mie nilikuwa na mimba.

Maziwa: hata tone. Walimpikia uji wa pilipili manga, supu ya pweza, wakamkanda, hayakuja. Mtoto kalelewa kwa maziwa ya kopo. Wakasema kijicho.

Hedhi: hajaiona tangu siku ile. Mumewe alidhani anachoma sindano ya uzazi wa mpango kwa siri, na wamegombana kwa hilo. Hajachoma chochote.

Nywele: kanyamaza kwanza. Kisha akasema hazioti. Alidhani ni utu uzima.

Bibi, ni nini?

#17 NesiMstaafu

Kaa kitako mwanangu, nitakueleza polepole.

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya mbaazi, inaitwa pituitari. Kazi yake ni kuzipigia hodi tezi nyengine. Inapiga hodi kwenye tezi ya shingo, kwenye vifuko vya mayai ya uzazi, kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, na yenyewe inatoa homoni ya maziwa. Mwanamke akiwa na mimba mbaazi hii inanenepa, inataka damu nyingi kuliko kawaida. Sasa siku ya kujifungua damu ikimtoka mzazi kwa wingi, shinikizo likaanguka mpaka akazimia, mbaazi ile inakosa damu na sehemu yake inakufa. Mzazi anapona, anashukuriwa Mungu, anatolewa arubaini. Hakuna anayejua kuwa ndani ya kichwa kuna kilichokufa.

Cha kwanza kukosekana ni maziwa. Kisha hedhi. Kisha mwili unapoa, unavimba, unachoka. Inaitwa ugonjwa wa Sheehan, kwa jina la daktari wa Uingereza aliyeueleza 1937. Wengine hukaa nao miaka kumi bila kujulikana, wanaitwa wavivu, wanaachwa, wanatolewa mashetani.

Sijamuona mgonjwa, kwa hiyo sisemi ndio huo. Ila nasema aangaliwe kwa huo, na haraka.

Sasa nije kwenye chupa za Karafuu. Tezi za juu ya figo hutoa kotisoli. Mtu akiwa na kotisoli kidogo mno, ukimpa thairoksini, dawa iliyomo kwenye chupa hizo, peke yake, unauchochea mwili uende mbio na kile kidogo kilichobaki kinakwisha. Anaweza kuanguka, na kufa. Kotisoli inatangulia, thairoksini inafuata. Ndiyo maana nimekataza.

#18 KarafuuMbichi

Ya Allah. Nimeshazitupa.

#19 Maabara_Usiku

Na hapa ndipo TSH ya 2.1 ilipowapoteza. TSH ndiyo hiyo hodi. Tezi ya shingo ikiwa mgonjwa yenyewe, pituitari hugonga mlango kwa nguvu, ndio maana mama wa Karafuu alikuwa na 48. Lakini ikiwa mgonjwa ni mpiga hodi, TSH inaweza kusoma kawaida kabisa huku tezi haipati amri. Maabara haikukosea. Kilichokosekana ni swali la pili: T4 huru, homoni yenyewe inayotolewa na tezi ya shingo.

Andikeni kwenye karatasi mumpelekee daktari: T4 huru, kotisoli ya asubuhi, prolaktini ya maziwa, FSH inayopiga hodi kwenye vifuko vya mayai, na chumvi za damu, yaani sodiamu na potasiamu. Na historia ya damu kumtoka iandikwe mstari wa kwanza, si wa mwisho.

#20 NesiMstaafu

Na Dada, akija kwako Unguja kutibiwa asipande boti peke yake. Akitapika sana, akiishiwa nguvu ghafla, akiwa haeleweki anavyosema, aende dharura, asisubiri tarehe ya kliniki.

#21 Kimya_Daima

Nimesoma hii ya kotisoli na nimeona bora niseme yangu, hapa hakuna anayenijua.

Kabla ya harusi nilitaka kunenepa. Kuna mama alikuwa akiniuzia vidonge vidogo kwenye kikaratasi, bila jina, viwili kwa siku. Miezi saba. Nikajaa uso, mashavu kama andazi, kila mtu ananisifu. Harusi ikapita nikaacha siku moja. Wiki ya pili sikuweza kupanda ngazi za nyumba ya mkwe wangu. Kichefuchefu, kizunguzungu, nikianguka chooni. Watu wakasema mimba. Kumbe vile vidonge vilikuwa deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli. Daktari akaniambia mwili ukipewa dawa ya namna hiyo kila siku tezi za juu ya figo zinalala, kwa kuwa kazi yao inafanywa na kidonge. Ukikatisha ghafla hazijaamka bado. Ilinichukua karibu mwaka kupunguziwa kidogo kidogo.

Nasikia hata mkorogo wenye dawa kali ukipakwa mwili mzima kwa muda mrefu unaweza kufanya hivyo. Nesi ni kweli?

#22 NesiMstaafu

Ni kweli mwanangu. Krimu zenye klobetasoli, dawa ya jamii hiyo hiyo, zinaingia kwenye ngozi mpaka kwenye damu. Na wewe msomaji unayetumia mpaka sasa usiache leo kwa kusoma hapa, nenda ukasimamiwe upunguziwe. Kuacha ghafla ndiko kunakoangusha.

#23 Asiyeamini

Nafuta niliyoandika juu. Dada, tupe habari.

#24 ChumviPemba

Uzi umepoa siku ya sita. Dada_wa_Wete upo?

#25 Dada_wa_Wete

Nipo. Nisameheni.

Alipanda boti Mkoani na wifi yake. Bahari ilichafuka, akatapika njia nzima, wifi akadhani ni mawimbi, nusu ya boti ilikuwa ikitapika. Walipofika bandari ya Malindi hapa Unguja, wenzake wote wameshuka wanajifuta, yeye hawezi kusimama. Namwita jina lake ananitazama kama mgeni. Nikakumbuka maneno ya Nesi. Hatukwenda nyumbani, tulikwenda dharura moja kwa moja na kile kikaratasi.

Shinikizo la damu 80 kwa 50. Daktari wa zamu alikuwa kijana, hata ndevu hazijajaa. Akasoma kikaratasi, akaniuliza nani kaandika. Nikamwambia nesi mstaafu wa mtandaoni, nikadhani atanifukuza. Akasoma tena, akatoa damu ya vipimo, na kabla majibu hayajarudi akamchoma haidrokotizoni, yaani kotisoli ya dawa, na kumtundikia dripu. Akasema akikosea sindano hii moja haitamdhuru, akichelewa ndipo atajuta.

Wallahi sizidishi: saa mbili baadaye kakaa kitandani, kaomba maji ya ndimu yenye chumvi.

Majibu: sodiamu 126. T4 huru 6.8, karatasi inasema isipungue 12. Kotisoli 58, na ilichukuliwa akiwa taabani, wakati ilitakiwa iwe juu sana. Prolaktini ndogo mno. FSH chini. TSH ile ile, 1.9, imekaa kama haihusiki. Picha ya MRI, daktari mkubwa katuonesha mahali mbaazi inapokaa. Pamebaki patupu.

Kwa hiyo ndio wenyewe, bibi.

#26 NesiMstaafu

Alhamdulillah kafika. Nimelia kidogo, nina mtu wangu wa 1994 ambaye hakufika.

Yule kijana wa zamu Mungu amzidishie.

#27 MvuviWaKojani

Sisi tunaosinzia ndani ya ngarawa tumekaa kimya tunasoma.

#28 Dada_wa_Wete

Dawa: haidrokotizoni mara mbili, nyingi asubuhi akiamka, kidogo alasiri. Siku ya tano ndipo wakamuanzisha thairoksini, dozi ndogo, ya kumeza tumbo tupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu vimesogezwa mchana, wanasema vikienda pamoja na thairoksini vinaishika isiingie mwilini, ziachane kwa muda wa saa nne. Zile za hedhi watazungumza naye baadaye.

Maswali yangu matatu.

Moja, mkwe anauliza atakunywa mpaka lini. Mbili, Ramadhani imebaki wiki tatu na yeye keshasema atafunga, hakubali kuambiwa. Tatu, kliniki wamesema warudi kupima TSH, nikashtuka, si mlisema TSH haina maana kwake?

#29 Maabara_Usiku

La tatu ni langu. Umeshtuka vizuri. Yeye afuatwe kwa T4 huru, iwe nusu ya juu ya kiwango. Mtu akiitazama TSH yake ndogo ataona dawa imezidi na kumpunguzia, atamrudisha palepale. Liandikeni kwenye daftari lake la kliniki: ugonjwa ni wa pituitari, usitumie TSH. Wahudumu hubadilika, daftari linabaki.

#30 NesiMstaafu

La kwanza: maisha yake yote. Mwambieni mkwe hivi, mwili wake umeacha kutengeneza kitu, anakipata dukani. Kama chumvi. Anayekula chumvi hatumuulizi ataacha lini. Akishajua hilo hatampa mtu dawa zake "kwa kuwa amepona", na hili nalisema kwa sababu nimeliona.

La pili ni zito na sitalijibu mie. Wenye tezi ya shingo tu wengi wao hufunga, hubadilisha saa: humeza wakati wa kulala tumbo likiwa limeshatulia, au huamka mapema kabla ya daku. Lakini huyu wa kotisoli ni mwengine. Alasiri bila dozi, bila maji, jua la kaskazi, na wiki hizi mbili katoka kuponea tundu la sindano. Amuulize daktari wake kabla ya mwezi kuandama, na shekhe anayemwamini naye asikilize maneno ya daktari. Ruhusa ya mgonjwa imo katika aya zile zile za kufaradhishwa saumu.

#31 KarafuuMbichi

Mama yangu hula daku saa kumi, anaweka simu saa tisa u nusu ameze, halafu anarudi kulala anaamshwa na sie. Kwa yeye inafaa.

#32 Kimya_Daima

Dada, mimi nilifundishwa kanuni ya siku za ugonjwa. Wamempa?

#33 Dada_wa_Wete

Wametupa. Akipata homa anaongeza dozi mara mbili mpaka ipoe. Akitapika kidonge anameza tena, kikirudi asingoje, aende achomwe. Akifanyiwa operesheni, hata kung'olewa jino, aseme kabla. Tatizo ni Wete usiku. Nimemuuliza daktari kama tunaweza kuweka sindano nyumbani, kasema mume afundishwe. Mume kaogopa sindano, kasema atajifunza kwa chungwa.

Kuhusu mume: nimemsomea #17 kwenye simu, neno kwa neno. Hakusema kitu. Kesho yake nikasikia kamwambia mama yake mbele ya watu kuwa neno mvivu lisitajwe tena nyumbani kwake.

#34 BibiWaNgambo

Huyo mume apewe maua.

#35 ChumviPemba

Mie nampa gunia la chumvi. Yenye madini joto, imenyunyiziwa.

#36 Dada_wa_Wete

Wiki ya saba leo. Uso umeshuka, sauti imerudi, n'nampigia namjua ni yeye. Uchovu haujaisha wote. Kuna siku anapika wali na mchuzi na kufua, kesho yake analala mpaka adhuhuri. Daktari kasema ni mapema bado, dozi ya thairoksini itapandishwa tena. Ramadhani alikatazwa, alilia siku mbili, sasa anatoa fidia na anapika futari za watu. Mtoto wa mwisho kamzoea upya, anasema mama zamani alikuwa hachezi.

Nimemwandikia kadi kwa kalamu nzito: HANA KOTISOLI, AKIANGUKA AU AKITAPIKA ACHOMWE HAIDROKOTIZONI KWANZA, na namba yangu. Kaiweka ndani ya kava la simu.

#37 NesiMstaafu

Simu huibiwa. Simu huzimika chaji. Andika ya pili akae nayo mume, na ya tatu ibandikwe ukutani jikoni, juu ya pale inapowekwa mbuzi ya nazi.